Sura ya Tano: Ng'ombe wa Ng'ambo ya Bonde

Tarime ni nchi ya vilima. Mtoto anayepelekwa malishoni huko hujifunza mapema kutazama mbali. Ng'ambo ya bonde kuna ng'ombe, naye lazima ajue kama ni wa kwao au wa jirani, wako wangapi, na kama yule dume mwekundu amekwisha kuvuka kijito kuelekea shamba la watu. Sasa mchukulie kijana wa miaka 11. Tumwite Chacha, maana ukoo usio na Chacha huko ni wa kutafutwa. Chacha hatazami ng'ambo. Anasikiliza. Anawatambua ng'ombe wa kwao kwa mlio wa kengele na kwa kubweka kwa mbwa wao. Wenzake wanamsifu kwamba ana masikio ya ajabu. Baba yake anamwona mzembe tu, kwa sababu mara mbili mifugo imeingia kwenye mahindi ya watu huku yeye amekaa juu ya jiwe, uso ameuelekeza kulekule.

Shuleni mambo ni hayohayo. Chacha ni mrefu, na warefu huketishwa nyuma ili wasiwazibe wafupi. Mwalimu anaandika ubaoni, Chacha anafinya macho mpaka mwalimu anahisi anadhihakiwa. Kisha kijana ananakili kutoka daftari la jirani yake wa dawati. Jirani akikosea, naye anakosea vilevile, neno kwa neno, na fimbo wanagawana. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaona, na yeye mwenyewe hajui kwamba haoni. Angejuaje? Hajawahi kuazima macho ya mwenzake akalinganisha.

Hospitalini kwetu tatizo hili huwekwa kwenye fungu la upeo mdogo wa macho kuona. Jina lake la kitaalamu ni miopia, neno lililotokana na Kigiriki, na maana yake ya asili ni kufumba macho. Wayunani nao waliwaona watoto wao wakifinya macho kama Chacha. Ya karibu mtu anayaona vizuri, hata sindano anaitia uzi bila taabu. Ya mbali ndiyo yanayoyeyuka.

Ukitaka kuelewa linalotokea ndani ya jicho, kumbuka kibanda umiza cha zamani, kile cha video na mashine ya kurusha picha kwenye shuka jeupe. Fundi akishapima, picha inakaa barabara juu ya shuka. Mtu akilivuta shuka hatua mbili nyuma, mashine ni ileile na mkanda ni uleule, lakini nyuso za waigizaji zinakuwa ukungu. Jicho lenye miopia kwa kawaida ni jicho lililorefuka kupita kiasi, yaani shuka limesogezwa nyuma. Mtoto huzaliwa na jicho lenye urefu wa milimita 17 hivi, nalo hukua hadi kufikia karibu milimita 24 utu uzimani. Likizidisha milimita moja tu juu ya kipimo chake, mwenyewe anahitaji miwani ya karibu dayopta 2.5 hadi 3.

Hizo dayopta ndizo watu wanaita namba za miwani, na za miopia huandikwa kwa alama ya kutoa. Kuna hesabu ndogo ambayo mzazi yeyote anaiweza: chukua sentimita 100, gawanya kwa namba ya mtoto. Mwenye namba 1 anaona sawasawa hadi mita moja, mwenye 2 hadi nusu mita, na mwenye 4 hadi sentimita 25, yaani kidogo kuliko rula ya shule. Kila kilicho mbele ya hapo ni ukungu. Chacha akiwa na namba 2.5, dunia yake iliyo wazi inaishia sentimita 40 kutoka puani, na ubao wa mwalimu uko mita nyingi nje ya dunia hiyo. Kijijini Serengeti, kandokando ya hifadhi, ambako tembo huingia mashambani na mtoto hutembea kwenda shule alfajiri, kasoro hii ina uzito ambao mtoto wa Dar es Salaam hausikii.

Mtoto wa namna hii kwetu ni mmoja kati ya wangapi? Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika shule za sekondari za jiji la Mwanza, kwa majirani zetu wa Kanda ya Ziwa. Walipimwa wanafunzi 2,511, na asilimia 5.6 walikuwa na miopia. Chukua darasa la wanafunzi 50, utawapata wawili au watatu. Idadi hiyo haitishi. Kilichonishtua mimi ni kingine katika utafiti huohuo: miongoni mwa wanafunzi waliokuwa na kasoro kubwa ya upeo wa macho, waliokuwa wakivaa miwani ni kama asilimia 30 tu. Na hao ni watoto wa mjini, waliokwisha kufaulu kuingia sekondari, wenye hospitali kubwa ya Bugando juu ya kilima chao. Wale walioishia darasa la saba kwa sababu ubao ulikuwa ukungu hawakuwamo kwenye hesabu.

Kwa hiyo ugonjwa wetu wa leo ni kutopimwa. Upo na wa kesho, na ili kuuona inabidi tusafiri mbali kidogo.

Mwaka 1969 watafiti walitoa habari za jamii ya Inuit kaskazini kabisa mwa Alaska, wawindaji waliokuwa wametoka karibuni katika maisha ya barafuni na kuingia kwenye vijiji vyenye shule. Kati ya watu wazima 131 waliokulia maisha ya zamani, wenye miopia walikuwa wawili. Watoto na wajukuu wao zaidi ya nusu walikuwa nayo. Damu ya ukoo haibadiliki hivyo kwa kizazi kimoja. Kilichobadilika ni siku ya mtoto ilivyopita: anaamkia wapi, anatazama nini, anakaa ndani saa ngapi. Na huko Seoul, Korea Kusini, vijana wa kiume wa miaka 19 walipopimwa mwaka 2010, asilimia 96.5 walikuwa na miopia. Rudia tarakimu hiyo polepole, kisha ulinganishe na Mwanza.

Wengi husikia hayo wakakimbilia kulaumu kitabu na simu. Kutazama karibu kwa muda mrefu kuna sehemu yake, sikatai. Lakini mwaka 2008 watafiti waliwalinganisha watoto wa miaka 6 na 7 wenye asili ya Kichina wanaoishi Sydney, Australia, na wenzao wa asili hiyohiyo walioko Singapore. Singapore wenye miopia walikuwa asilimia 29.1, Sydney asilimia 3.3. Watoto wa Sydney hata vitabu walisoma zaidi. Tofauti kubwa iliyoonekana ni kwamba wao walikaa nje saa 13.75 kwa juma, na wale wa Singapore saa 3.05. Baadaye, huko Guangzhou, China, shule 6 ziliongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo na shule nyingine 6 ziliendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, waliopata miopia katika shule za kawaida walikuwa asilimia 39.5, na katika zile za dakika 40, asilimia 30.4. Taiwan tangu mwaka 2010 wana kampeni ya kuwatoa watoto nje dakika 120 kila siku.

Maelezo wanayokubaliana nayo wanasayansi wengi ni ya mwanga. Darasa letu lenye madirisha madogo lina mwanga wa laksi mia chache. Nje, jua likiwa wazi, unafika makumi ya maelfu. Mwanga mwingi huifanya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, itoe kemikali iitwayo dopamini, na kemikali hiyo hulizuia jicho lisirefuke ovyo. Mtoto hahitaji kuanikwa kama dagaa, wala asilitazame jua lenyewe kamwe. Hata kivuli cha mti kina mwanga mwingi kuliko darasa la kawaida.

Sasa tazama ramani. Miji ya Tarime na Mugumu iko kati ya digrii 1 na 2 kusini mwa ikweta. Mchana wetu ni wa saa 12, Januari hadi Desemba. Wapo wanaotumia fedha kubuni madarasa ya vioo ili mtoto apate mwanga, na sisi tunao tangu kuumbwa. Mchunga ng'ombe wa Tarime amekuwa akipata dawa hii bure bila kuijua, na naamini ndiyo sababu mojawapo ya idadi yetu kuwa ndogo.

Lakini angalia tunavyoitupa. Mzazi akipata fedha kidogo, za kahawa, za dhahabu ya Nyamongo au za biashara ya mpakani Sirari, jambo la kwanza anampeleka mtoto shule ya bweni, ile ya ukuta mrefu na basi la njano. Mtoto anaamshwa gizani. Masomo hadi jioni, kisha masomo ya usiku, Jumamosi masomo ya ziada, na wakati wa likizo kuna kambi ya kujiandaa na mtihani wa darasa la nne. Darasa la nne! Mtoto wa miaka kumi anaishi kama mhasibu anayefunga hesabu za mwaka. Mapumziko yenyewe ni ya kunywa uji akiwa amepanga foleni ndani ya bwalo. Mzazi analipa ada ya kumwondolea mwanawe jua. Sisemi watoto warudi wote malishoni. Wapo wanaochungishwa hadi wanakosa shule, na hilo nalo ni dhuluma. Nasema mwalimu mkuu mwenye ratiba mkononi ana dawa ya macho yenye nguvu kuliko chupa yoyote iliyoko duka la dawa, na dawa hiyo ni saa moja na nusu au mbili za nje, kila siku, kwa kila mtoto.

Jua hufanya kazi vizuri zaidi kabla miopia haijaanza. Likishamkuta mtoto ana namba, halimrudishi nyuma. Hapo ndipo miwani inapoingia, na hapo ndipo ubishi unapoanza.

"Mwalimu, ukimvalisha miwani sasa, macho yatazoea, hataiacha tena." Nimelisikia hilo kwa wazee, kwa akina mama, hata kwa watu waliosoma. Ukweli ni kwamba namba ya mtoto hupanda kwa sababu jicho lake bado linakua, kama viatu vinavyombana kila Januari. Hakuna anayesema viatu ndivyo vilivyomrefusha mguu. Wapo pia wanaoomba miwani ya nguvu pungufu ili macho "yafanye mazoezi". Wazo hilo lilijaribiwa Malaysia na matokeo yakachapishwa mwaka 2002: watoto waliopewa miwani pungufu walizidi kuharibika haraka kuliko waliopewa kipimo kamili. Mpe mtoto namba yake yote.

Na umpe kutoka kwa aliyempima. Ile miwani inayotembezwa mnadani, iliyopangwa juu ya ubao pamoja na vichana na betri, karibu yote ni ya wazee wanaoshindwa kusoma karibu. Lenzi zake ni za kujumlisha. Mtoto wa miopia akiivaa, ukungu unaongezeka, naye anaapa kwamba miwani ni mbaya, na kijiji kizima kinamwamini.

Kuna jambo gumu kuliko fedha. Mwaka 2008 yalichapishwa majibu ya jaribio lililofanyika katika shule za sekondari za Dar es Salaam. Kundi moja la wanafunzi lilipewa miwani bure, jingine likapewa karatasi ya kipimo likanunue. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa na miwani shuleni au wakiitumia walikuwa asilimia 26 kwa wale wa karatasi, na asilimia 47 kwa wale wa bure. Hata ya bure, zaidi ya nusu haikuonekana usoni. Kila mtu aliyesoma Tanzania anajua sababu mojawapo: jina la "profesa" linatungwa siku ya kwanza, na la msichana huwa baya zaidi. Mwalimu akilikomesha hilo darasani, amefanya nusu ya kazi ya daktari.

Pengine msomaji anajiuliza: mbona kelele nyingi kwa kitu kinachosahihishwa na vipande viwili vya plastiki? Kwa sababu miwani inaisogeza picha, lakini jicho lililovutika linabaki limevutika. Retina ni utando laini. Jicho likirefuka sana, nao unanyooshwa kama puto lililopulizwa kupita kiasi. Mwenye namba 6 na zaidi yuko hatarini zaidi, afikapo miaka ya arobaini au hamsini, kupata retina iliyochanika au kubanduka, makovu katikati ya retina pale panaposoma na kutambua nyuso, na presha ya macho. Mtoto wa jicho naye huwahi kumjia. Hesabu iliyotolewa na watafiti wawili mwaka 2019 inaonyesha kwamba kila dayopta moja unayomzuia mtoto asiifikie humpunguzia hatari ya makovu hayo kwa asilimia 40. Kumwacha mtoto kwenye namba 4 badala ya 6 ni kumtunzia macho ya uzeeni. Naye aliyekwisha kuwa na namba kubwa ajue dalili za hatari: cheche za mwanga, vidoa vyeusi vingi vinavyotokea ghafla, au pazia linaloshuka upande mmoja. Asilale nazo. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Vipo vya kupunguza mwendo wa jicho. Kuna matone ya atropini ya nguvu ndogo sana, yaliyojaribiwa zaidi Singapore na Hong Kong, na kipimo cha asilimia 0.05 ndicho kilichofanya vizuri zaidi Hong Kong. Kuna miwani maalumu yenye vijilenzi vidogovidogo kuzunguka katikati yake. Ya kwanza kati ya hizo, iliyofanyiwa majaribio Hong Kong, ilipunguza mwendo kwa karibu nusu. Zote hizo hutolewa na mtaalamu anayemwona mtoto mara kwa mara. Chupa ya atropini iliyozoeleka hospitalini ni ya asilimia 1, kali mara 20, inayotanua mboni mpaka mtoto hawezi kutoka juani wala kusoma, na akiinywa ni sumu. Asije mtu akaichanganya na maji nyumbani. Lenzi za kuvaa juu ya jicho mimi nisingemshauri mzazi ambaye maji yake ni ya kisima au ya mto. Vijidudu vya majini vikiingia chini ya lenzi vinaweza kuliua jicho lenyewe.

Neno moja kuhusu vumbi. Wapo watoto wengi ambao macho yao yana mzio wa vumbi: yanawasha, yanakuwa ya kahawia, mtoto anayafikicha kutwa. Kufikicha huko kwa miaka kunaweza kukichongoa kioo cha mbele cha jicho, na namba ikaruka ghafla kwa njia tofauti na ile ya Chacha. Mzazi hukimbilia duka la dawa, anapewa matone yenye steroidi, kuwasha kunakoma, anarudi kununua tena na tena. Matone hayo yakitumika bila usimamizi huleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Mtoto anayefikicha na namba inapanda, mwonyeshe kwa daktari wa macho kabla ya kitu kingine chochote.

Nani basi ampate Chacha? Mwalimu wake. Chukua karatasi ya manila na kalamu nyeusi nene. Chora herufi E yenye urefu wa milimita 17.5 na upana huohuo, kila mguu unene wa milimita 3.5, na nafasi kati ya miguu milimita 3.5. Itundike mahali penye mwanga, usawa wa macho ya mtoto, kisha upime mita 6 kwa futi kamba ya fundi. Mtoto azibe jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, nawe ugeuze E juu, chini, kushoto, kulia, naye aonyeshe kwa mkono miguu inatazama wapi. Mara 5 kwa kila jicho. Asipopatia angalau 4, hata kwa jicho moja tu, huyo ana safari ya hospitali. Ukitaka kujua kama miwani itamfaa, toboa kadi kwa sindano nene, atazame E kupitia tundu hilo. Akiona vizuri zaidi, tatizo huenda ni la miwani, kwani tundu dogo linafanya kazi ileile ya kufinya macho. Asipoona tofauti, peleka haraka zaidi, maana pengine kuna ugonjwa.

Kupima ndiko kwepesi. Majirani zetu wa Trans Nzoia, Kenya, walilijaribu hili katika shule 50, nusu yake walimu wakiwa na simu yenye Peek, programu ya kupima macho, na matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Katika kundi moja mtoto alipewa barua ya rufaa kama kawaida, na waliofika hospitali walikuwa asilimia 22. Katika jingine, mzazi alionyeshwa picha ya jinsi mwanawe anavyoiona dunia, akatumiwa ujumbe wa simu wa kumkumbusha, na waliofika walikuwa asilimia 54. Barua hubaki mfukoni mwa kaptula na kufuliwa. Ujumbe wa simu unamfikia baba hata akiwa mnadani.

Rufaa yetu inapanda kutoka zahanati na kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa Musoma, na juu yake Bugando. Kabla ya kupanda gari, piga simu uulize siku gani kuna kliniki ya macho. Nauli ya kwenda na kurudi bila kuhudumiwa ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Omba lenzi za plastiki, maana za kioo hazifai kwa mtoto anayecheza mpira na kukimbiza ndama. Mrudishe kila mwaka mpaka amalize kukua, kwa sababu kipimo cha darasa la tano hakitamfaa akiwa kidato cha pili.

Mwalimu unayesoma sura hii, shule zinafunguliwa Januari. Wiki ya kwanza huwa haina masomo mengi. Tundika hiyo E, pima mita 6, na uanze na wale warefu wa dawati la nyuma.